Betri kuukuu si taka, wala si mchezo

NDUGU msomaji, mtu akisimama kando ya Barabara ya Mandela, pale inapokaribia Kurasini na bandari, hachoki kuhesabu malori. Mengine yameingia nchini kwa Tunduma. Kabla ya Tunduma yamevuka Zambia, na kabla ya Zambia yamepakia mizigo Lubumbashi au Kolwezi katika nchi ya Kongo. Yamebeba shaba, na mengine yamebeba kobalti, madini ambayo Kongo peke yake huipatia dunia zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Madini hayo hupakiwa melini yakaenda Asia, yakasafishwa na kutiwa viwandani. Baada ya muda kobalti hurudi kwa bandari hiyo hiyo, safari hii ikiwa imefichwa ndani ya simu na kompyuta za mkononi. Na siku simu inapokufa hutupwa jalalani, na safari yote hiyo ndefu ikaishia katika dampo la Pugu Kinyamwezi.

Tumeanza na malori hayo kwa sababu ya barua tuliyoletewa na mama mmoja wa Kurasini. Mama huyu hununua samaki Feri asubuhi na kuwakaanga jioni kandoni mwa barabara. Kibanda chake hakina umeme. Anatumia taa ya mafuta, na upepo wa bahari ukivuma taa huzimika, wateja wakapita kwa jirani mwenye mwanga. Fundi kijana wa mtaani amemwambia kwamba anaweza kumtengenezea betri kwa kutumia seli zilizotolewa katika kompyuta kuukuu, kwa bei iliyo chini sana kuliko betri mpya ya dukani. Mama amefurahi. Mumewe amekataa katakata. Baba anasema kitu hicho kitakuja kuwachomea nyumba, kwa maana usiku betri italala ndani, katika chumba wanacholala watoto wao wanne. Mama anauliza: katika sisi wawili, nani mwenye haki?

Swali hili si dogo, wala si la nyumba moja. Tuliangalie kwa utaratibu.

BETRI HII NI KITU GANI

Wengi wetu tulikulia na betri za aina mbili. Ya kwanza ni yale magunzi ya redio na tochi, ambayo yakiisha nguvu huanikwa juani kwa matumaini, na hatimaye hutupwa. Ya pili ni betri ya gari, yenye risasi na tindikali ndani yake. Nyumba nyingi zisizo na umeme zilinunua betri ya gari ili kuangalia televisheni, na kila baada ya siku kadhaa kijana wa nyumba aliibeba begani au kwenye baiskeli kuipeleka kuchajiwa.

Betri ya gari haikuundwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache, injini iwake, kisha ijazwe tena papo hapo. Ukiinyonya mpaka karibu na mwisho kila usiku, huchakaa upesi. Hata zile za risasi zilizoundwa kwa ajili ya umeme wa jua, mafundi hushauri zisitumiwe kupita nusu ya uwezo wake. Kwa hiyo anayenunua betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 hununua wati-saa 1,200 kwa jina, lakini kwa matumizi ya kila siku amepata kama 600 tu, na uzito wake ni karibu kilo 30.

Betri ya lithiamu ni jambo jingine. Lithiamu ni metali nyepesi kuliko zote. Ndani ya seli chembe zake husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine wakati wa kuchaji, na hurudi zilikotoka wakati wa kutumia. Ni kama pantoni la Kigamboni: abiria ni wale wale, pwani ni mbili, na kazi ni kwenda na kurudi. Kwa sababu safari hiyo haiharibu sana kuta za seli, inaweza kurudiwa mamia ya mara, na katika aina nyingine maelfu.

Elimu hii haikushuka kwa siku moja. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi Stanley Whittingham, akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Exxon nchini Marekani, alionyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford walipata njia ya kutumia kobalti, nguvu ikaongezeka. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani akaunda betri iliyo salama zaidi, na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuiuza. Watu hao watatu walitunukiwa kwa pamoja Nishani ya Nobel ya kemia mwaka 2019, na Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97. Ndugu msomaji unayedhani umri umekutupa, lifikirie hilo.

BETRI HAIFI YOTE

Sasa turudi kwa fundi wa mama. Je, anasema kweli kwamba ndani ya betri iliyokufa mna uhai?

Anasema kweli. Betri ya kompyuta ya mkononi ya zamani kidogo aghalabu ina seli sita, kila moja mfano wa gunzi nene kidogo, kipenyo chake milimita 18 na urefu wake milimita 65. Zimepangwa jozi tatu, moja nyuma ya nyingine. Jozi moja ikilegea, saketi inayolinda betri hukata umeme wote, na mwenye kompyuta huambiwa na fundi kwamba betri imekwisha. Mashua ya makasia hukwama vivyo hivyo: mpiga kasia mmoja akizimia, chombo husimama, ingawa wenzake wangali na nguvu. Mtu mwenye subira akizitenga seli hizo na kuzipima moja moja, hukuta kwamba nyingine zimebakiza sehemu kubwa ya uwezo wake.

Jambo hili limekwisha kufanywa kuwa kazi halali ya kampuni, na si mbali na sisi. Hapa Dar es Salaam mhandisi kijana Gibson Kawago, aliyekulia kijijini kusiko na umeme, alianzisha kampuni iitwayo WAGA. Hukusanya betri kuukuu za kompyuta, huzifungua, hupima seli, huzichambua, kisha huunda betri mpya kwa ajili ya taa za jua, vifaa vya kuchajia simu, na baiskeli za umeme. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulimteua kuwa mmoja wa vijana 17 wa dunia nzima waliotajwa kuwa viongozi katika kutekeleza malengo ya maendeleo. Hatusemi hayo ili kumtangazia mtu biashara. Twasema ili mama wa Kurasini ajue kwamba wazo la fundi wake si la kihuni. Lina elimu nyuma yake.

HESABU YA KIBANDA

Hebu tumpigie mama hesabu. Kibanda chake kinahitaji taa mbili za wati 5 kwa saa 4. Mbili mara tano ni kumi. Kumi mara nne ni wati-saa 40. Simu moja ikichajiwa hula kama 15. Redio ndogo na upotevu wa hapa na pale tuuhesabie 10. Jumla ni wati-saa 65.

Seli moja ya kompyuta ilipokuwa mpya iliweza kubeba karibu wati-saa 8. Ikiwa imebakiza asilimia 70, inabeba kama tano na nusu. Kwa hiyo seli 12 zilizochaguliwa vizuri zitatoa wati-saa 66, na kazi ya jioni itatimia kwa shida. Seli 16 zingempa nafasi ya kupumua, na seli zenyewe zingedumu zaidi kwa kutokamuliwa mpaka tone la mwisho. Kibao cha jua cha wati 20 au 30 juu ya paa kingezijaza mchana.

Hesabu hiyo ina upande wa pili, nao usipojulikana utaleta ugomvi. Binti akichomeka pasi ya umeme ya wati 1,000 kwa kutumia kigeuzi, betri hiyo hiyo, hata kama ingestahimili, ingemalizika kwa dakika nne. Betri ya taa ni ya taa. Wengi wanaolalamika kwamba sola ni uongo walinunua kibuyu wakataka kunyweshea ng'ombe.

Na yale mafuta ya taa? Watu wazima wanakumbuka mwaka 2011, Serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Uchakachuaji ulipata dawa, lakini mwenye koroboi naye alionja uchungu wa dawa isiyokuwa yake. Tena koroboi ina gharama isiyoandikwa katika bei: moshi machoni mwa mtoto anayesoma, na chupa inayoanguka mkekani. Baba anayeogopa betri ni vema aitazame pia taa iliyomo ndani ya nyumba yake sasa hivi.

HOFU YA BABA

Hata hivyo, baba hakusema upuuzi. Seli ya lithiamu imebeba nguvu nyingi katika umbo dogo, na ndani yake mna majimaji yanayoshika moto. Ikichajiwa kupita volti 4.2, au ikitobolewa, au nyaya zikigusana zikapiga shoti, hupata joto. Joto likizidi huzaa joto jingine, na seli moja ikiwaka huwasha ya pili. Moshi wake ni sumu. Moto huo huenda kwa kasi, na hauna huruma kwa mtu aliyelala.

Seli kuukuu zina hatari zaidi kwa sababu hatujui zilikotoka. Huenda moja ilianguka, nyingine ilikaa tupu miezi sita, ya tatu ililoa. Fundi asiyepima huzifunga pamoja kama kuni, iliyo dhaifu ikachajiwa kupita kiasi na iliyo imara. Hapo ndipo nyumba huungua, na majirani wakasema ni umeme tu.

Tena kazi ya betri kuukuu ikifanywa bila utaratibu huumiza hata wasiohusika. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka katika betri za magari. Risasi iliingia hewani, udongoni na majini, ikaingia katika damu za watoto. Wananchi wakaenda mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe Shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi ikapanda ngazi, hukumu ikatenguliwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Lakini fedha haziwezi kuitoa risasi katika ubongo wa mtoto. Lithiamu si risasi, na kuchambua seli si kuyeyusha chuma. Lakini somo ni moja. Anayeshika taka za watu hana budi kuzishika kwa elimu.

MASHARTI SITA

Kwa hiyo jibu letu kwa mama na baba ni hili: mama ana haki ya kuitaka betri, na baba ana haki ya kuiwekea masharti. Nyumba yenye amani huyaandika masharti hayo kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kwanza, fundi aonyeshe kwamba alipima kila seli. Seli hujazwa, huachwa ipumzike siku kadhaa, kisha hutumiwa huku mita ikihesabu. Inayopata joto, iliyovimba, yenye kutu, au iliyoshuka chini kabisa, hukataliwa. Fundi asiyekuwa na seli alizozikataa hakupima kitu.

Pili, betri iwe na saketi ya ulinzi na fyuzi. Saketi hiyo ndiyo mlinzi wa geti: hukata umeme betri ikijaa, ikikaukiwa, au ikipigwa shoti. Betri ya lithiamu isiyo nayo isivuke kizingiti cha nyumba yako, hata ukipewa bure.

Tatu, iwe ndani ya kisanduku kigumu kisichoshika moto kwa urahisi, mbali na maji. Hewa ya Kurasini ina chumvi, na chumvi hula viungio. Seli zilizofungwa kwa gundi ya karatasi tu ni mtego.

Nne, ichajiwe kwa chaja yake, mchana, wakati mtu mzima yupo macho. Isichajiwe juu ya godoro, wala karibu na pazia, wala chini ya bati lenye joto kali. Na hapa baba ameshinda: betri isilale katika chumba cha watoto. Ikae barazani penye kufuli, au jikoni mbali na jiko, juu ya sakafu ya saruji.

Tano, pawe na risiti na dhamana ya maandishi, hata kama ni ya miezi sita tu. Fundi wa kweli huandika jina lake.

Sita, betri ikivimba, ikinuka kama dawa tamu au ikipata joto bila kazi, iache kutumika siku hiyo hiyo na itolewe nje. Ikishika moto, watu watoke kwanza, kisha ipigwe namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mali hununuliwa tena.

Ikiwa fundi hawezi kutimiza masharti hayo, mama asubiri na adunduize. Dukani zipo betri mpya za lithiamu zinazotumia chuma na fosfeti badala ya kobalti. Bei yake iko juu, lakini ni tulivu zaidi kwa joto na hudumu miaka mingi. Zipo pia kampuni zinazokopesha. Ile iliyoanza Arusha mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa jina la Off Grid Electric, na tangu mwaka 2018 ikaitwa Zola Electric, ilijipatia sifa kwa mpango huo: mtu hufungiwa taa na betri, akalipa kidogo kidogo kwa simu. Mkopo nao una meno. Soma karatasi kabla ya kutia sahihi, na ujumlishe malipo yote, usitazame ya wiki peke yake.

UMEME UPO, YA NINI AKIBA?

Msomaji mwingine atauliza: kwa nini tuhangaike na betri ilhali Bwawa la Mwalimu Nyerere katika Mto Rufiji linazalisha? Ni swali zuri. Mgao uliotusumbua mwishoni mwa mwaka 2023 ulipata nafuu mtambo wa kwanza ulipoingizwa katika gridi Februari 2024, na bwawa lote lina uwezo wa megawati 2,115. Lakini kuzalisha ni jambo moja na kufikisha ni jingine. Aprili 1, 2024, hitilafu katika gridi ya Taifa iliiacha sehemu kubwa ya nchi gizani, ingawa maji yalikuwepo. Ndugu zetu wa Unguja wanalijua hilo zaidi: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 walikaa miezi mitatu bila umeme kwa hitilafu ya njia iliyouleta kutoka bara.

Ndiyo maana mataifa sasa hujenga betri kubwa kama maghala ya nafaka. Australia ya Kusini ilijenga ya megawati 100 mwaka 2017. Jirani zetu wa Malawi, nchi isiyo tajiri, mwaka 2022 walizindua Golomoti kituo cha umeme wa jua cha megawati 20 chenye betri ya megawati 5. Ghala la mkulima na ghala la Taifa hufanya kazi moja: kuweka cha leo kwa ajili ya kesho.

Na sisi tunavyo vya kuwekea. Mahenge na Ruangwa kuna madini ya kinywe, ambayo hufanya upande mmoja wa seli nyingi za lithiamu. Kabanga, wilayani Ngara, kuna nikeli. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Manono, kuna lithiamu yenyewe. Lakini madini yaliyomo ardhini hayamwashii mtu taa. Kinachotofautisha nchi inayouza mchanga na nchi inayouza betri ni mikono inayojua kupima seli. Yule kijana wa mtaani mwenye mita na lehemu, akifundishwa vizuri na akadaiwa kazi safi, yumo katika hesabu hiyo.

Zipo kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka za vifaa vya umeme, lakini kanuni hazifungui droo za watu. Leo jioni, ndugu msomaji, fungua ya kwako. Hapana shaka utakuta simu moja au mbili zilizokufa, na pengine kompyuta ya marehemu mjomba. Usizichome, maana betri hulipuka motoni. Usiwape watoto kuchezea. Usizitupe pamoja na maganda ya ndizi, kwa sababu gari la taka hushindilia, na seli iliyoshindiliwa huwaka. Funika ncha za betri kwa utepe wa plastiki, ziweke katika kopo kavu mbali na jua, na uzipeleke kwa mtu au kampuni inayozikusanya kwa kazi halali. Ukimpa fundi, mwulize atazipimaje. Akishindwa kujibu, rudi nazo nyumbani.

Hadi Jumapili ijayo.